Januari Hununuliwa Mwezi wa Saba

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mtu, mimi nakaanga chapati asubuhi. Tukichanganya tunapata kama 14,000 kwa siku, siku mbaya inashuka. Nyumbani tupo saba pamoja na mama mkwe na shemeji. Januari iliyopita nilikopa 200,000 kwa ajili ya sare na madaftari, nikarudisha 10,000 kila siku kwa siku thelathini. Mwakani mkubwa anaingia kidato cha kwanza, wa pili darasa la tano, wa mwisho la kwanza. Unga tunanunua dukani kilo mbili kwa siku, na Januari kilo ilifika 1,800. Nimebana kila mahali, hata sukari nimepunguza. Nibane wapi tena? Mume wangu anasema tukope tununue magunia ya mahindi sasa hivi. Mimi naogopa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniandikia mwezi wa sita, na kwa hilo tu umeshawapita wengi. Barua za sare huwa zinaniangukia kati ya tarehe 5 na 15 Januari, wakati ambao hakuna la kufanya zaidi ya kupeana pole. Kabla sijaanza kazi ya kuwekea vikundi vya akina mama hesabu, nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya duka la jumla la vifaa vya shule hapa mjini. Kwa hiyo mengine nitakayokwambia nimeyaona nikiwa upande wa muuzaji.

Sukari iache, wanywe chai. Nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali mnapofuja. Ninachokiona ni kwamba karibu kila kitu mnakinunua katika mwezi ambao bei yake ni mbaya, tena kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Hapa Dodoma mvua ni moja kwa mwaka: inaanza Desemba, inaishia Aprili. Mavuno yanaingia Mei mpaka Julai, na hapo mahindi ya Kongwa na Kiteto yanateremka mjini kwa malori. Januari watu wapo kwenye palizi, ghala limekwisha, mahindi yamepanda, na mwezi huo huo shule zinafunguliwa. Mizigo miwili inakuangukia siku moja. Mmoja tu kati ya hiyo unaweza kuuhamisha, nao ni unga. Shule hatuihamishi, ingawa nitakuonyesha kwamba nusu ya vitu vyake vinahamishika.

Tuumalize kwanza ule mkopo. Ulichukua 200,000, ukarudisha 300,000. Laki nzima imeondoka kwa kukaa na hela ya mtu mwezi mmoja. Tena hukukaa nayo mwezi, maana kila jioni ulikuwa unaimega. Siku ya kumi na tano ulikuwa umesharudisha laki na nusu. Walioiita kausha damu hawakukosea. Wengine wanaikimbia ile ya mtaani wanaingia ya kwenye simu, na huko nako angalia unapokanyaga: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Sasa unga. Kilo mbili kwa siku ni kilo 60 kwa mwezi, na kwa bei yako ya Januari ni 108,000. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba yako kinachokula hela kama hiyo. Nitakupigia hesabu ya mfano; bei nilizoweka usiende nazo sokoni kubishana, kila mwaka una zake. Wewe shika njia, namba utaweka zako.

Tuseme gunia la kilo 100 umelipata kwa 65,000. Kulifikisha nyumbani 3,000, ingawa nyinyi mna pikipiki. Kukoboa na kusaga 12,000. Jumla 80,000. Gunia likikobolewa linakupa sembe kama kilo 72, zinazobaki ni pumba. Kilo moja ya sembe imekusimamia 1,111, wakati dukani uliinunua 1,800. Magunia manne ni kilo 288, yaani siku 144 kwa ulaji wenu. Ukianza kuyala katikati ya Septemba unafika wiki ya kwanza ya Februari. Umetumia 320,000. Kilo hizo hizo dukani kwa 1,800 zingekuwa 518,400. Tofauti ni 198,400.

Itazame hiyo namba. Ni mkopo wako wa Januari, pungufu ya soda mbili.

Kweli, bei ya duka mwezi wa tisa huwa haijafika 1,800, kwa hiyo kata elfu hamsini tusidanganyane. Inabaki laki na nusu hivi. Na pumba wafuga kuku wa mtaani wanazitaka, kwa hiyo sehemu ya hela ya mashine inarudi. Mkila dona hesabu inanoga zaidi, maana hakuna kukoboa na gunia linatoka karibu kilo zote. Lakini najua dona katika nyumba nyingi za mjini imebandikwa jina la chakula cha bwenini, na mama mkwe habadilishiwi unga kimyakimya. Zungumzeni. Ila jueni dona haikai: saga debe moja moja, ukisaga gunia zima wiki chache tu unga unaanza kuwa na uchungu.

Ukienda kununua, nunua kwa mizani. Nasema hivi nikijua kwamba nusu ya soko inapima kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, tano kwa debe. Sado si kipimo, ni mapatano. Niliwahi kusimama sokoni nikimwangalia kijana akinipimia maharage. Juu anaweka kilima kizuri, mpaka punje zinamwagika, na mimi nafurahi. Nilipofika nyumbani nikayamwaga kwenye sado langu mwenyewe hayakufika hata ukingo. Siku ya pili nikarudi, nikamwomba aligeuze lake. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani, kimeingia karibu vidole vitatu, na ukiwa umesimama juu yake huoni kwa sababu ya kile kilima. Tangu hapo naomba mizani, na mizani yenyewe natafuta stika ya Wakala wa Vipimo kabla sijatoa hela. Lumbesa nayo usiifurahie ukiwa mnunuzi wa mtaani. Gunia lililorefushwa kwa kamba halina uzito unaojulikana, anayelijua ni aliyelifunga.

Kwenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, wewe peke yako kwa magunia mawili hakulipi, nauli inakula faida. Mkiwa nyumba sita au nane mkaagiza pamoja, hapo inalipa, kwa sharti mmoja wenu aende mwenyewe akayaone. La sivyo nunua hapa hapa, Majengo au Soko la Job Ndugai.

Kitu kimoja ambacho akina mama wa mjini wanakiruka ni ukavu. Mahindi mabichi yanavunda, na yakivunda unakuwa umenunua hasara mbili. Mwaka 2016 mkoa wetu huu na Manyara tulizika watu kwa sumukuvu, ambayo inatokana na ukungu wa nafaka iliyowekwa ikiwa na unyevu au iliyoanikwa kwenye udongo. Kupima ni rahisi. Beba chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ya soda inatosha, na chumvi kavu kwenye karatasi. Mimina mahindi kama theluthi ya chupa, weka chumvi vijiko viwili, ziba, tikisa dakika nzima, kisha iache robo saa. Chumvi ikishuka yote chini, mahindi yamekauka. Ikiganda kwenye kioo kama umande, mrudishie mwenyewe na uondoke. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Nyumbani weka kwenye ile mifuko ya tabaka mbili tatu isiyopitisha hewa. Dumuzi anayeingia humo anakosa pumzi, wala huhitaji dawa. Kabla ya kujaza, upulize mfuko wa ndani kama puto, ukandamize, usikilize kama unavuja. Uweke juu ya mbao, mbali na misumari na mbali na panya. Na usifungue yote: fungua gunia moja, limalize, ndipo ufungue la pili. Mfuko unaofunguliwa kila jioni kuchota kibaba una hewa ya kutosha kufuga dumuzi ukoo mzima.

Swali litakuja: hela ya Julai inatoka wapi? Hapa ndipo ninapogombana na vikundi vyangu kila mwaka. Karibu vyote vinavunja Desemba. Mwanachama anapokea mgao wake tarehe 15, tarehe 25 ni Krismasi, watu wanasafiri, mashati mapya, na tarehe 8 Januari yuleyule anakuja kuulizia mkopo. Kikundi kimoja cha huku Chang'ombe kilinikubalia kuhamisha mgao uwe mwisho wa Juni. Mwaka wa kwanza walinung'unika kwamba sikukuu imekuwa kavu. Mwaka wa pili hakuna aliyetaka kurudi nyuma, kwa sababu mgao uliingia moja kwa moja kwenye magunia. Kama upo kwenye kikundi, peleka hoja hiyo kwenye kikao kijacho. Kama haupo, tafuta, ila uliza kwanza kinavunja lini.

Tuje shuleni. Ada ya serikali ulishaisahau, ile ya 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni sekondari ilifutwa kuanzia Januari 2016. Kilichobaki kwako ni sare, madaftari, viatu, chakula na vile vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Fomu hiyo ya kidato cha kwanza huwezi kuipata leo, kwa sababu uchaguzi hutangazwa Desemba baada ya matokeo ya darasa la saba. Ndiyo maana wazazi wanakaa wakisubiri, halafu wote wanamiminika mjini katika wiki tatu zilezile. Lakini fikiri: shule gani haitaki shati jeupe? Shule gani haitaki viatu vyeusi, soksi, mkebe, rula, madaftari, ndoo, jembe au fyekeo? Vya kusubiri ni sketi au suruali, sweta na tai, kwa sababu ya rangi. Vingine vyote vinaweza kuingia ndani ya nyumba kimoja kimoja kuanzia sasa, bila mtu kujua kwamba mnajiandaa.

Fundi cherehani mwendee Oktoba. Mwezi huo anakaa akipiga soga na anakupokea kama mgeni. Tarehe 2 Januari anakupa namba ya foleni na bei nyingine. Wale wawili wa msingi sare yao unaijua, kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Mwambie aache upindo wa vidole vinne kwenye sketi, na kwenye kaptula aache nafasi ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma kiunoni. Simama pale ukaone anapokunja, kwa sababu fundi akipunguza upindo kile kitambaa kinabaki kwake. Sketi yenye upindo mzuri unaishusha mara mbili, inaenda miaka mitatu. Utaona mstari mweupe pale ulipokuwa mkunjo wa kwanza; pitisha utepe wa rangi ileile juu yake, ukiona aibu.

Na shati la yule mkubwa la mwaka huu, usilitupe. Mashati ya shule hayafi mwili, yanafa kola. Mpelekee fundi aligeuze. Anafumua ule mshono unaoshika kola na shingo, anaigeuza ile kola, upande uliochanika unaenda chini ambako hakuna anayeuona, na upande ambao haujawahi kuliona jua unakuja juu. Mafundi vijana wengine hawaijui hiyo kazi. Tafuta mzee.

Mitumba ya Sabasaba kwa shati jeupe na sweta ni sawa kabisa, tena mara nyingi kitambaa ni kizito kuliko cha dukani. Lishike shati uliinue juani: kama unaona vidole vyako waziwazi, limeshafuliwa mpaka basi. Kagua kwapani na chini ya kola. Kwa viatu nina majeraha yangu. Mwaka mmoja niliona raha ya bei, nikamnunulia kijana wangu pea mbili za viatu vyeusi vinavyong'aa, Desemba, kwenye duka ambalo sitalitaja. Mvua ya pili ya Februari soli zikafunguka kama mdomo wa kambale, zote nne, ndani ya wiki moja. Siku hizi nanunua pea moja ya ngozi, na siku hiyohiyo, kabla haijavaliwa, naipitisha kwa fundi viatu aishonee soli kuzunguka. Nunua namba moja mbele ya mguu wa leo, weka soli ya ndani, utaiondoa mwezi wa saba.

Madaftari, hapa nipo nyumbani. Muuzaji anakutajia bei ya daftari. Wewe muulize kurasa, kisha gawanya. Kaunta buku ya kwaya 2 ina kurasa 192, ya kwaya 3 ina 288, ya kwaya 4 ina 384. Nimewahi kuuza kaunta mbili za kwaya 2 kwa mama aliyekuwa na uhakika amepata nafuu, wakati ya kwaya 4 iliyokuwa kando yake ilikuwa na kurasa zilezile kwa hela pungufu. Duka la jumla linauza kwa dazani, na bei ya dazani ukiigawanya kwa kumi na mbili ni habari nyingine kabisa na ile ya daftari moja. Huhitaji dazani ya kaunta; basi ungana na wazazi wawili, gawaneni. Nenda Septemba au Oktoba. Januari dukani kwetu zile saizi zinazotakiwa zilikuwa zinaisha wiki ya kwanza, mtu analazimika kuchukua iliyobaki, na hakuna aliyekuwa na muda wa kupatana naye.

Halafu, kabla hujanunua lolote, kusanya madaftari ya mwaka huu. Kila moja lina kurasa nyeupe nyuma, mengine nusu nzima. Zitoe kwa uangalifu pale katikati kwenye pini, zikusanye, zishone kwa sindano ya gunia na uzi. Hilo ni daftari la hesabu za kujaribia kwa mwaka mzima. Watoto wangu walikuwa wanaona haya mwanzoni, nikawafunikia kwa gazeti, yakaisha.

Vitabu vya kiada usikimbilie kununua. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, na vitabu vyake mnavisoma bure hata kwenye simu. Vya mkono wa pili navyo viangalie mwaka, maana mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024 na kitabu cha mtaala wa zamani ni karatasi ya kufungia karanga. Mtaala huohuo una jambo jingine la kuwaambia jirani zako: waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamalizia darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa la saba. Wifi yangu ana mtoto katika kila kundi. Januari 2028 anapeleka wawili kidato cha kwanza kwa mpigo, na nimeshamwambia aanze kibubu chake sasa.

Kibubu, ndiyo. Shilingi 1,000 kila siku kuanzia tarehe 1 Julai mpaka 31 Desemba ni 184,000. Mume wako aiweke yeye, jioni, kabla hajavua koti. Ukisema tutaweka kilichobaki, hakibaki. Iwe ya mbao iliyopigiliwa, siyo kopo la maziwa lenye kifuniko. Najua nyumba ambayo kopo hilo lilinunua vocha mwaka mzima.

Kuhusu chakula cha shule: shule nyingi za huku zinakubali mchango wa mahindi na maharage. Ukiambiwa hivyo, toa katika gunia lako la Julai. Ukitoa hela Januari, unanunua mahindi yaleyale kwa bei ya Januari. Na ikitokea mambo yamekwama kabisa, usimzuie mtoto nyumbani kwa sababu ya sweta. Kila Januari serikali hurudia agizo kwamba mtoto apokelewe hata kama sare haijatimia. Nenda naye mwenyewe, muone mkuu wa shule, umwambie lini utakamilisha.

Matumizi mengine ya nyumbani nitayapitia haraka. Mafuta ya kupima ni ndugu wa sado: alizeti inakamuliwa kuanzia Juni, dumu la lita tano la Singida nunueni wawili mgawane. Mkaa wa kopo vivyo hivyo. Maharage yaloweke usiku, yatumie moto nusu. Kuna jirani mwenye lile jiko la presha la umeme. Sufuria ya maharage haimfikishi uniti moja, na uniti moja kwa bei ya kawaida ni kama 356. Linganisha na mkaa unaouchoma. Kama nyumba yenu ina mita yenu wenyewe na hamvuki uniti 75 kwa mwezi, ulizeni TANESCO kuhusu kundi la matumizi madogo, ambako uniti zote 75 zinatoka kwa 9,150. Mkishirikiana mita na wapangaji wengine, sahau, mnavuka. Ukikatwa 1,500 kwenye LUKU usishtuke, ni kodi ya jengo. Kwenye simu, kutoa elfu mbili mara tano ni kukatwa mara tano. Toa mara moja. Daladala ya mwanafunzi ni 200, kwa hiyo kama shule ya mkubwa ipo njiani, asizoee kubebwa na baba yake kila asubuhi, ile ni saa ya abiria.

Mboga najua hukuniuliza, lakini mama mkwe wako kama ni Mgogo ana jibu tayari. Mlenda unachumwa bure wakati wa mvua, unaanikwa, unatwangwa, unakaa mpaka Novemba. Mwakani mwezi wa tatu mtume na shemeji.

Sasa la mume wako. Wazo la magunia amelipata sawasawa, mwambie nimesema hivyo, atafurahi. Ila kukopa, inategemea kwa nani. Kwa yule wa elfu kumi kila siku: mkichukua 320,000 kwa masharti yaleyale mtarudisha 480,000. Riba ni 160,000. Faida ya magunia yote manne tumeikadiria laki na nusu. Mtakuwa mmebeba, mmeanika, mmesaga na mmelinda panya miezi mitano kwa niaba yake. Kwa kikundi chenye riba ndogo mnaweza, kwa gunia moja au mawili. Ule mkopo wa halmashauri usio na riba, wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, ni wa biashara na ni wa kikundi. Utafute kwa ajili ya chapati zako, usiuingize kwenye unga wa nyumbani.

Bila mkopo inawezekana polepole. Gunia likiwa 65,000 na mume wako akalibeba mwenyewe, ni kama 2,200 kwa siku kwa mwezi mmoja. Ukijumlisha na elfu ya kibubu, katika elfu kumi na nne hiyo inauma, sitakuficha, na kuna siku mtashindwa. Basi msijilazimishe manne. Mkipata mawili mpaka Septemba, yafungeni, muendelee na unga wa duka wakati bado ni nafuu, na mfungue la kwanza tarehe 1 Desemba. Kilo 144 zinawavusha mpaka tarehe 10 Februari, na Januari yote hamtaingia dukani kwa ajili ya unga. Ile 108,000 ya mwezi huo ndiyo sketi na sweta ya kidato cha kwanza.

Jumamosi hii wakati anapeleka abiria upande wa sokoni, mpe ile chupa na chumvi yake, aweke kwenye mfuko wa koti. Aangalie isiwe na maji ndani.